Eid ikiangukia Ijumaa ya Kwaresima, pilau la mama mkwe nilifanyeje?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mkatoliki wa Rombo, nimeolewa Tanga na Mwislamu, tuna watoto wawili. Mwaka huu wa 2026 nilipakwa majivu Jumatano ya tarehe 18 Februari, kesho yake mume wangu akaanza kufunga. Jirani yetu wa ukuta mmoja yeye alikuwa ameshaanza siku ileile ya majivu. Bibi yake mume wangu anasema funga mbili kuingia pamoja namna hii hakujawahi kutokea, ni dalili za kiama, na tena Eid ikiwa Ijumaa, hotuba mbili kwa siku moja ni mkosi kwa nchi. Nimetazama kalenda nikaona Eid inaweza kweli kuwa Ijumaa, 20 Machi. Ijumaa za Kwaresima mimi sili nyama. Mama mkwe hupika pilau la nyama na kunipakulia kwa mkono wake. Nikila navunja amri ya Kanisa, nisipokula ataona namdharau. Na mume wangu siku hiyo ataswali mara mbili? Binti yangu wa darasa la tano naye kaniuliza kwa nini Krismasi haihami tarehe, Eid inahama, na Pasaka inahama lakini haitoki Jumapili. Nikakosa la kusema. Mwisho, kila Desemba huenda Rombo kwa wazazi. Nasikia Ramadhani itaingia kwenye Krismasi miaka ijayo. Ni kweli? Nianze kujipanga?"

Marahaba, dada. Swali lako nimelisoma mara mbili, na mara ya pili nikaona kalenda si shida yako kubwa. Shida ni sahani. Mama mkwe anayekupakulia kwa mkono wake ameshakupokea, na wewe unaogopa kumwachia mapokezi yake yapoe mkekani. Nitafika hapo. Lakini nianze na bibi, maana maneno ya wazee yakishaingia ndani ya nyumba hayatoki kwa kunyamaziwa.

Kama bibi ana miaka sabini na kitu, jambo hili limeshapita mbele ya macho yake mara mbili kabla ya mwaka huu. Mwaka 1993 Jumatano ya Majivu, inayofungua Kwaresima, ilikuwa 24 Februari, na Ramadhani ilikuwa imeandama siku moja au mbili tu kabla yake. Rudi nyuma tena mpaka 1961. Jumatano ya Majivu ilikuwa 15 Februari, na mwezi wa Ramadhani ukaandama ndani ya siku mbili zilizofuata. Na siku hiyohiyo ya majivu jua lilipatwa lote, watu wa kusini mwa Ulaya wakaingia gizani asubuhi kweupe. Angekuwepo mtu wa kusoma dalili, siku hiyo angezipata zote kwa mkupuo. Sisi mwaka huo tulichopata ni Uhuru.

Tazama na miaka ya karibuni. Pasaka ya 2024, tarehe 31 Machi, ilikuwa ndani ya Ramadhani. Kwaresima ya 2023 na ya 2025 nazo ziligusana na mfungo. Mwaka huu zimeanza karibu siku moja, ndiyo maana watu wameshtuka, lakini zimekuwa zikikaribiana mbele ya macho yetu kwa miaka kadhaa, kama watu wawili wanaotembea barabara moja kwa mwendo tofauti.

Sasa huo mwendo tofauti ndio jibu la binti yako. Nitalieleza jinsi ninavyowaeleza vijana wanaokuja kujifunza kazi kwangu, maana kazi yangu kwa zaidi ya miaka 20 ni kupanga kalenda za ukutani, zile zenye picha ya mlima juu na namba nyekundu za sikukuu chini.

Kila kalenda unayoitundika inabeba hesabu tatu zisizojuana. Ya kwanza ni ya jua, inayotupa tarehe na majira. Ya pili ni ya mwezi wa angani. Ya tatu ni ya juma, na hiyo ndiyo ya ajabu kuliko zote, kwa sababu hakuna kitu chochote mbinguni kinachozunguka kwa siku saba. Juma ni hesabu ya watu, imerithishwa mdomo kwa mdomo, na haijakatika. Mwaka 1582 Papa Gregori wa 13 aliporekebisha kalenda, siku kumi zilifutwa: watu wa nchi zilizomfuata walilala Alhamisi tarehe 4 Oktoba, wakaamka tarehe 15 Oktoba. Tarehe ziliruka, lakini siku hiyo waliyoamkia ilikuwa Ijumaa. Juma halikuguswa. Ndiyo maana Mwislamu, Myahudi na Mkristo wanaweza kubishana juu ya tarehe mpaka asubuhi, lakini hakuna anayebisha kuwa leo ni siku gani.

Kiswahili chenyewe ni ushahidi. Sisi tunahesabu kutoka Ijumaa: Jumamosi ni ya kwanza, Jumapili ya pili, mpaka Jumatano ya tano. Halafu inakuja Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo maana yake ni ya tano, kwa sababu Waarabu wanaanza kuhesabu Jumapili. Juma letu lina siku ya tano mara mbili, na hakuna aliyewahi kulalamika. Msabato anapumzika siku ya saba, ambayo kwa lugha yetu inaitwa ya kwanza. Mwambie binti yako hilo, atalicheka wiki nzima.

Kila ibada imechagua hesabu ya kufungwa nayo. Swala ya Ijumaa, Sabato ya Jumamosi na Dominika zimefungwa kwenye juma peke yake, kwa hiyo hazihami kamwe. Krismasi imefungwa kwenye jua. Tarehe ni ileile, siku ndiyo inayohama: mwaka wa siku 365 ni majuma 52 na siku moja ya ziada, basi kila mwaka Krismasi inasogea siku moja mbele. Mwaka 2025 ilikuwa Alhamisi, mwaka huu itakuwa Ijumaa, 2027 Jumamosi. Mwaka 2028 una siku ya 29 Februari, kwa hiyo Krismasi itairuka Jumapili na kutua Jumatatu.

Eid imefungwa kwenye mwezi. Miezi kumi na miwili ya kuandama ni siku 354, mara nyingine 355, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku kama kumi na moja. Hapo ndipo Ramadhani inaporudi nyuma kila mwaka, na baada ya miaka 32 au 33 inakuwa imezunguka majira yote na kurudi ilipokuwa. Hesabu kutoka 1961 mpaka 1993, kisha mpaka 2026, utaona.

Mpe binti kalamu. Agawanye 354 kwa saba: atapata majuma 50 na siku nne. Agawanye 355: majuma 50 na siku tano. Maana yake Eid inasogea mbele siku nne au tano za juma kila mwaka. Mwaka 2024 Eid el-Fitri kwetu ilikuwa Jumatano, 10 Aprili. Ongeza tano, unapata Jumatatu, na ndivyo ilivyokuwa tarehe 31 Machi 2025. Kutoka Jumatatu hiyo ongeza nne au tano: Ijumaa au Jumamosi. Hiyo Ijumaa inayomtisha bibi imetokana na kugawanya kwa saba. Mkosi haumo. Sikukuu yoyote inayohama siku za juma lazima iangukie Ijumaa mara moja katika kila saba, kwa wastani, na kwa kuwa Eid ni mbili kwa mwaka, hotuba mbili kwa siku moja ni jambo la kila baada ya miaka michache. Waliofuata Makka walisali Eid ya kuchinja ya 2025 siku ya Ijumaa, 6 Juni. Tena jambo hili lilitokea zama za Mtume mwenyewe, naye aliliita kukutana kwa sikukuu mbili. Neno la mkosi halimo.

Pasaka ndiyo iliyojifunga kwenye hesabu zote tatu kwa pamoja. Ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu ule unaoangukia tarehe 21 Machi au baadaye. Machi ni jua, mpevu ni mwezi, Jumapili ni juma. Kwa hiyo inahangaika kati ya 22 Machi na 25 Aprili, haitoki humo, na haitoki Jumapili. Jumatano ya Majivu iko siku 46 nyuma yake, inaburutwa nayo.

Wazee wa pwani walikuwa na hesabu mbili kichwani bila kuchanganyikiwa. Miezi ya ibada waliihesabu kwa kuandama kuanzia Eid, Mfungo Mosi, Mfungo Pili, mpaka Mfungo Sita wa Maulidi na kuendelea. Kilimo na safari za majahazi walivipima kwa mwaka wa jua, unaoanzia Nairuzi, yaani siku ya mwaka mpya, ule ambao watu wa Makunduchi kule Unguja bado wanauosha kila Julai kwa Mwaka Kogwa. Walijua kaskazi haisubiri mwezi uandame. Sisi tumebandika hesabu zote kwenye karatasi moja, tukasahau kuwa ziko zaidi ya moja.

Kuhusu jirani wa ukuta mmoja. Mwezi mpya wa kihesabu, yaani wakati mwezi unapopita kati yetu na jua, ulikuwa Jumanne 17 Februari mnamo saa tisa alasiri kwa saa za kwetu. Ushahidi upo, maana alasiri hiyo jua lilipatwa na kuonekana kama pete huko Antaktika, na jua halipatwi ila mwezi ukiwa hapo hapo. Jioni ya siku hiyo mwezi ulikuwa na umri wa saa tatu na ushei tu. Hakuna jicho la Tanga lingeweza kuuona. Wanaongojea uonekane nchini wakaanza Alhamisi, kama mume wako. Wanaofuata tangazo la Makka, au mwezi ukitangazwa popote duniani, wakaanza Jumatano. Kila upande una masheikh wake na hoja zake, na mimi mpanga kalenda si wa kuamua. Ninachojua ni kwamba hitilafu hiyo haitokani na uzembe wa mtu kusoma tarehe.

Na nililijifunza kwa gharama. Mwaka mmoja, nikiwa bado kijana wa kazi, tulichapa kalenda za mteja tukaweka Eid kwa namba nyekundu tarehe moja, bila nyota, bila yale maneno madogo "kutegemea kuandama kwa mwezi". Mwezi ukakataa. Mteja alikuwa ameshagawa mamia ya nakala kwa wateja wake, na wengine walikuwa wamefunga maduka siku isiyo. Alikuja na kalenda moja imekunjwa kwapani, akaiweka juu ya meza yangu, hakusema kitu. Tangu hapo nyota ile ndogo naitazama kabla ya kitu kingine chochote. Kwa hiyo, dada, tarehe zote za Eid nitakazokutajia hapa zisome na nyota.

Tuje kwenye sahani.

Kwanza, huenda usihitaji kufanya lolote. Mwezi mpya wa kihesabu wa Eid ni alfajiri ya Alhamisi, 19 Machi, mnamo saa kumi na nusu hivi. Jua likizama Tanga jioni hiyo mwezi utakuwa na umri wa kama saa 14. Huo ni mchanga. Kwa macho matupu unaonekana kwa shida, na mbingu ikiwa na mawingu ndiyo basi. Kwa wanaongojea mwezi wa nyumbani, Eid ya Jumamosi 21 Machi inawezekana sawasawa na ya Ijumaa. Ikiwa Jumamosi, kula pilau lako kwa raha, sharti la nyama ni la Ijumaa.

Ikiwa Ijumaa, sharti linasimama. Kanuni ya 1251 ya sheria za Kanisa inasema Ijumaa hujinyima nyama isipokuwa siku hiyo ikiangukiwa na sherehe. Neno "sherehe" hapo lina maana yake maalumu katika liturujia, ni daraja la juu kuliko sikukuu na kumbukumbu. Mwakani, kwa mfano, 19 Machi itakuwa Ijumaa ya Kwaresima, lakini ni Sherehe ya Mtakatifu Yosefu, basi nyama ni halali kwenu. Mwaka huu Mtakatifu Yosefu ameangukia Alhamisi, amekukosa kwa siku moja. Na Eid, hata ikiwa kubwa namna gani nyumbani kwako, haimo katika orodha hiyo.

Lakini ipo kanuni nyingine ambayo waumini wengi hawaijui, ya 1245. Inampa paroko, yaani padri anayeongoza parokia, mamlaka ya kumwondolea muumini wake sharti hilo kwa siku fulani, kwa sababu ya haki, au kumbadilishia kwa tendo jingine la toba. Si jambo la kichochoroni. Mwaka 2023 sikukuu ya Mtakatifu Patrisi ilipoangukia Ijumaa ya Kwaresima, 17 Machi, maaskofu wengi wa Marekani walitoa ruhusa majimboni mwao ili watu wale nyama yao ya siku hiyo. Amani kati ya mke na mama mkwe wake, katika nyumba ya dini mbili, kwangu naiona ni sababu nzito kuliko hiyo. Ila anayepima ni paroko wako, mimi sina kiti hicho. Nenda kabla ya wiki hiyo, umweleze kama ulivyonieleza. Huenda akakuambia kula, na badala yake ujinyime Jumamosi au umpelekee mgonjwa chakula. Huenda akakuambia vumilia. Vyovyote, utakuwa umetulia.

Usijidanganye kwa kuchambua nyama pembeni ukala wali uliopikiwa ndani ya supu yake. Sisemi ni kosa gani, nasema mama mkwe ataona vipande vimebaki na wewe utajua ulichofanya. Na wapo watakaokuambia Mkristo haruhusiwi kugusa chakula cha Eid kabisa. Kanisa lako halina katazo hilo. Ijumaa ikipita, Eid pili ni Jumamosi, na pilau la jana lililopashwa, kila mtu wa pwani anajua, ni tamu kuliko la siku yenyewe.

Ningekuwa mimi, kabla ya paroko ningeanza na mama mkwe mwenyewe. Si siku ya Eid, sahani ikiwa imeshapakuliwa. Nenda sasa, jioni mnapoandaa futari, mko wawili jikoni, wewe unakuna nazi. Mwambie: "Mama, Eid ikiwa Ijumaa, kwetu kila Ijumaa mpaka Pasaka ni siku ya kujinyima nyama. Naomba ruhusa yako nipike na sufuria dogo la pilau la samaki, nile nawe." Huyo ni mtu aliyefunga mwezi mzima, anajua kufunga ni kitu gani. Mara nyingi kinachomuumiza mzazi ni kukataliwa ghafla mbele ya wageni, kuliko sharti lenyewe. Na samaki Tanga si adhabu. Changu wa kukaangwa juu ya pilau, au kamba, nani atauliza nyama iko wapi? Ukiona mazungumzo yanageuka kuwa ya mambo mengine, watoto wafuate dini ipi na kadhalika, hapo kalenda haina dawa. Mkalishane na mume wako na wazee wa pande zote mbili, ana kwa ana.

Mume wako na swala mbili. Ndiyo, kwa kawaida ya pwani ataswali zote. Ipo Hadithi aliyoipokea Abu Dawud, kwamba sikukuu mbili zilipokutana Mtume alisema anayetaka, Eid imemtosheleza na Ijumaa, lakini yeye na wenzake wataswali Ijumaa. Wanazuoni wa kila madhehebu wakaisoma kwa namna yao. Wahanbali wanasema aliyehudhuria Eid ana ruhusa ya kutohudhuria Ijumaa, ila ataswali Adhuhuri, na imamu yeye lazima asimamishe. Wahanafi na Wamaliki wanasema kila moja inabaki palepale. Washafii, ambao ndio wengi Tanga, Mombasa na Unguja, wanasema ruhusa ile ni ya watu wa mashamba waliokuja mjini kuswali Eid, ambao kungojea mpaka mchana kungewatesa. Mkazi wa mjini anaswali zote mbili. Kwa hiyo mpangie hivi: Eid asubuhi, kifungua kinywa na salamu za nyumba kwa nyumba, saa sita na nusu arudi msikitini, pilau rasmi baada ya hapo. Akiwa na imamu wake anayemfuata, neno la imamu huyo ndilo la nyumbani kwenu.

Rombo sasa, maana hapo una haki ya kujipanga, ingawa si kwa haraka unayoidhani. Krismasi za 2026 mpaka 2029 ziko mbali na mfungo. Mwaka 2030 utakuwa na Ramadhani mbili, moja mwanzoni mwa Januari na nyingine kuanzia karibu 26 Desemba, kama ilivyokuwa 1997. Jioni ya Krismasi hiyo mtakuwa Rombo mnakula mbuzi na mume wako anatoka nje kila baada ya dakika tano kuutafuta mwezi. Krismasi za kuwa katikati ya mfungo ni mbili, 2031 na 2032. Kisha 2033 Eid itakuwa karibu 23 Desemba, siku ya Ijumaa, na Krismasi Jumapili yake. Mwaka huo kata tiketi ya basi mapema kuliko miaka yote. Kama mtoto wa Kilimanjaro unajua Desemba ya kawaida ilivyo. Hiyo itakuwa na abiria wa sikukuu mbili.

Kwa miaka miwili ya katikati, mume wako ana njia. Tanga mpaka Rombo ni zaidi ya kilomita 300, hiyo ni safari kwa kipimo cha madhehebu yoyote, na msafiri ana ruhusa ya kula na kulipa siku hizo baadaye. Ila kwa Washafii anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kufika na ya kuondoka, anahesabiwa mkazi na anafunga. Amuulize sheikh kulingana na siku atakazokaa. Wengine huona heri kufunga hukohuko ukweni, na wakwe wakamtengea futari. Wazazi wako wajue mapema, kwa sababu ile ile ya mama mkwe: mgeni anayekataa mtori bila maelezo anaumiza.

Kabla ya hizo zote, zungushia duara mwaka 2029. Eid el-Fitri inatarajiwa 14 au 15 Februari, na Jumatano ya Majivu ni 14 Februari. Siku hiyo kwenu si ya kuacha nyama tu, ni ya kufunga kabisa, mlo kamili mmoja, kwa kila mwenye miaka 18 mpaka 59. Ijumaa ya mwaka huu ni mazoezi.

Alhamisi ya tarehe 19 mtoe binti nje jua linapozama. Msiende kutazama baharini, watu wengi wa mjini hukosea hapo. Mwezi mwandamo hukaa magharibi, upande wa Muheza na milima ya Usambara, chini karibu na lilipozamia jua, na hautakaa muda mrefu. Mwambie mwezi huohuo baba yake anaoutafuta kwa ajili ya Eid, ahesabu siku kumi na nne kutoka hapo utakuwa umepevuka, tarehe 2 Aprili, na Jumapili inayofuata, tarehe 5, ni Pasaka ya mama yake. Mkiuona na ukathibitishwa, kesho ni Eid na jibu la paroko uwe nalo tayari. Msipouona, mama mkwe kapata siku moja zaidi ya kuchambua mchele.